Nguzo ya Ludara na Paa la Mama Kiden

Drani, mwenzenu kazini, ameniomba niandike haya kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, kila nikipita depo ya umeme nawakalisha watu chini na kazi inalala. Basi nimeandika. Mkipata nafasi someni, mkikosa fungieni chapati. Kiswahili amenisafishia binti yangu anayefundisha shule hapa Arua, maana ninyi mnajua mimi naongea namna gani. Lakini maneno ya watu nimemkataza asiyaguse. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini kaulizeni ofisini. Mimi nataka kuandika habari ya upepo, kwa sababu nimestaafu, nimezeeka, na bado sijauelewa.

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya laini za umeme nilipokewa na Onzima, msimamizi wetu, mtu aliyekuwa jeshini zamani na ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha. Alinitupia mkanda wa kupandia na yale makucha ya chuma tunayofunga kwenye viatu, akasema, "Panda."

"Nipande wapi, afande?"

"Wewe unaona hapa kitu gani ingine ya kupanda?"

Kulikuwa na nguzo moja tu, kweli. Nikapanda. Nilipofika katikati nikatazama chini, na hapo hapo nikaikumbatia nguzo ile kwa mikono miwili na mashavu yote. Onzima akakaa chini akafungua karanga zake.

"Iko starehe huko?"

"Afande, nateleza!"

"Unateleza kwa sababu unakumbatia. Achia. Lala nyuma, acha mkanda ishike."

Ninyi wote mmefundishwa jambo hili, kwa hiyo hamkumbuki lilivyo la ajabu. Ukiishikilia nguzo kwa nguvu zako zote, makucha yanang'oka na unashuka ukichunwa ngozi. Ukiiachia, ukalala nyuma hewani kama mtu aliyechoka na maisha, makucha yanauma mti na unakaa salama. Nililala nyuma nikilia. Sioni aibu kusema hivyo. Karanga za Onzima zilikuwa zimekwisha wakati nilipofika juu.

Jambo la pili alilonifundisha ni kugonga. Kabla ya kupanda, unaigonga nguzo kwa nyundo pande zote na kusikiliza. "Ukienda kwa nyumba ya mutu unapiga hodi," alisema. "Hii pia piga hodi." Nguzo nzima inajibu kwa sauti kavu. Iliyooza inajibu kama umegonga gunia la unga. Nimegonga nguzo za Arua hadi Koboko maisha yangu yote ya kazi, na nilijisifu kwamba masikio yangu hayadanganyiki. Mtaona.

Upepo wangu wa kwanza nikiwa kazini ulipiga mtaa wa Awindiri, hapa hapa Arua, mchana, watu wakiwa wanapakua chakula. Redioni nasikia habari za vimbunga vya baharini vinavyopewa majina kama watoto na kufuatiliwa siku nzima. Wetu hauna jina wala haufuatiliwi. Wingu linasimama, kuku wanaingia ndani, kisha unasikia kishindo kinakuja juu ya mabati ya jirani, bati kwa bati, na kabla hujamaliza kusema "watoto waingie" umeshafika kwako. Chai inachukua muda mrefu zaidi kuchemka. Ukipita, mvua ya mawe inafuata, halafu jua linatoka bila haya kabisa.

Mabati yote yaliyoruka Awindiri siku ile yalikuja kulala kwenye waya zetu. Tulizima laini tukaanza kuyateremsha. Chini kulikuwa na umati, kila mtu ananyoosha kidole. Kulikuwa na bati moja la kijani, jipya, na watu wawili walilidai: mwenye duka mmoja na mama aliyeuza samaki wakavu. Walipigiana kelele mpaka Onzima akalikalia.

"Hii bati inakaa hapa," akasema. "Mvua ikinyesha, mwenye nyumba inavuja, yeye ndiye mwenyewe."

Mvua ikanyesha. Nyumba zote mbili zilivuja. Sijui bati lile lilikwenda wapi mwishowe. Nadhani Onzima alilichoka akamwachia yule aliyekuwa na sauti kubwa zaidi.

Kilichonisumbua mimi kilikuwa kitu kingine. Nyumba ya mwenye duka ilikuwa mpya, mbao nene, misumari ya kofia, kila kitu. Ilivuliwa paa lote. Nyuma yake palikuwa na jiko la zamani ambalo mabati yake yalishikwa na mawe tu, na hakuna jiwe lililosogea. Nikamuuliza Onzima kwa nini. Akatafuna kwanza.

"Jeshini afisa aliniuliza swali namna hiyo. Nikajibu sijui, akanipa adhabu. Mpaka leo sijui."

Miaka ikapita nikiwa naangalia watu wanavyojiandaa, maana anayetembea na laini anapita kwenye kila ua. Kule Logiri watu wanapandisha magunia ya mchanga juu ya paa, na matairi ya zamani, na mmoja alipandisha injini ya mashine ya kusaga iliyokufa. Katekista wa huko alikuwa na sheria yake: upepo ukija, fungua milango na madirisha yote, upite uende zake. Jirani yake akasema huo ni wazimu, funga kila kitu, ziba hata tundu la ufunguo. Mwaka mmoja wote wawili walivuliwa paa siku moja. Mwaka uliofuata upepo uliwapita wote wawili. Kila mmoja alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba sheria yake ndiyo iliyofanya kazi.

Mama mkwe wangu yeye hutupa mchi wa kinu katikati ya ua mara tu wingu linaposimama. Siku moja nikamuuliza mchi unasaidia nini.

"Upepo iione hapa kuna watu wanapika," akasema. "Ipite kwa adabu."

Nilicheka mbele yake, jambo ambalo mtu hafanyi kwa mama mkwe, na mke wangu alininunia wiki nzima. Lakini nyumba yake ya nyasi, ya mviringo, haijawahi kupoteza hata ncha ya paa. Ni mchi au ni ule mviringo? Sijui. Najua tu kwamba siku hizi wingu likiwa jeusi macho yangu yanatafuta mchi uko wapi.

Kisha ikaja semina. Tuliitwa hotelini Arua sisi watu wa laini, wauguzi, walimu, wenyeviti wa vijiji, tukafundishwa kujiandaa na majanga. Mwezeshaji alikuwa kijana mpole sana. Akatuonyesha picha za vimbunga vikubwa vya nchi za pwani: minazi imelala, watu wanapigilia mbao madirishani, magari yamepanga foleni kuhama. Akasema mkipata tahadhari, wekeni maji, tochi, betri na dawa kwenye mfuko mmoja, mwelekee mahali palipoinuka.

Mwenyekiti mmoja kutoka Koboko akanyoosha mkono. "Sisi tuko tayari mahali palipoinuka. Na upepo ndiyo inatupata huko huko juu. Tuelekee wapi?"

Kijana akatazama picha zake, akatutazama sisi. "Hata mimi najiuliza," akasema, akakaa chini nasi tukanywa soda. Nilimpenda kwa jibu hilo. Baada ya semina tulianza kupata ujumbe wa simu kwamba kanda ya kaskazini itegemee upepo mkali. Kanda ya kaskazini ni nusu ya nchi. Ukipata ujumbe kama huo unaangalia juu, unaona jua, unarudisha simu mfukoni.

Sasa nifike Ludara, ambako ndiko nilikuwa naelekea tangu mwanzo.

Laini ilipovutwa kutoka Koboko kupita Ludara, nguzo moja ilichimbiwa pembeni mwa ua wa Mama Kiden. Huyu alikuwa mama wa Kikakwa aliyevuka kutoka upande wa Sudan Kusini na watoto wake na mama yake mzazi, akapewa kipande cha ardhi na jamaa zake, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na paa la mabati. Mama yake ndiye wajukuu walimwita haboba, yaani nyanya, nasi tukamwita hivyo hivyo. Haboba alikuwa amevunjika nyonga njiani wakati wa kukimbia na mfupa haukuunga vizuri. Alilala kwenye kitanda kimoja, chumba kimoja, chini ya paa lile. Alikuwa hainuki, na ukimwinua alipiga ukelele mpaka mtaa wote unasimama.

Pale Ludara upepo ukija, watu hutoka kwenye nyumba za mabati wakakimbilia zile za nyasi. Ndiyo maandalizi yao yote, na si mabaya. Lakini haboba asingeweza kukimbia. Kwa hiyo Mama Kiden alikuwa na jambo moja tu duniani la kuhangaikia: paa lile lisinyanyuke. Alitazama eneo lote akitafuta kitu kilichochimbiwa chini kuliko vyote, akaona nguzo yetu. Akanunua waya mnene, akauzungusha kwenye boriti, akautoa nje, akaufunga kwenye nguzo.

Mara ya kwanza nilipouona sikuamini. Nimeona nguzo zilizofungwa mbuzi, kamba za nguo, mabango ya uchaguzi na ya mikutano ya injili. Nyumba nzima sikuwahi kuona.

"Mama, hii waya iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Na hii nguzo?"

"Mlipanda mti yenu kwa muhogo yangu bila kuniuliza. Sasa na mimi nimefunga nyumba yangu bila kuwauliza."

Nikamweleza taratibu. Vile vikombe vyeupe huko juu vinavyoshika waya za umeme hupasuka. Kikipasuka na mvua ikanyesha, umeme utashuka na nguzo, utapita kwenye waya wake hadi kwenye mabati. Na paa likiruka likiwa limefungwa, litaivuta nguzo, na Koboko yote na hospitali yake itakaa gizani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo nikifunga, haboba atakufa na umeme. Nisipofunga, atakufa na paa. Haya fundi, wewe umesoma. Chagua: mama yangu akufe na nini?"

Nikakata waya, kwa sababu ndiyo kazi. Niliporudi baadaye nikakuta umefungwa tena, fundo kubwa zaidi. Ikawa hivyo kila mvua ilipokaribia. Mimi nilikata asubuhi, yeye alifunga mchana, na katikati alinipa maji ya kunywa na kuniuliza habari za nyumbani. Hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Haboba alikuwa akisikia koleo zangu anauliza kutoka ndani, "Yule wa kukata amekuja?" na anaitikiwa, "Amekuja, mama," na anasema, "Mpeni maji."

Mwaka wangu wa mwisho kazini amri ilibadilika. Msikate tu, tuliambiwa. Chukueni na waya mje nao. Nilikwenda Ludara na Drani, ambaye wakati huo alikuwa fundi kamili tayari, msije mkadhani nilikuwa na mwanafunzi. Nikaigonga nguzo pande zote kama Onzima alivyonifundisha. Ikajibu kavu, safi. Nikakata waya wa Mama Kiden, Drani akaukunja, akautia kwenye pikapu.

Alipoona waya unaingia garini alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Fundi, hapana. Kata, lakini acha hapa."

"Mama, ni amri."

"Amri iko na mama yake?"

Hapo hapo kuku wakaingia ndani. Upepo wetu kwa kawaida unatoka mashariki, upande wa Yumbe. Kila jiwe, kila gunia, kila kamba Ludara imewekwa kwa kutazama Yumbe. Siku ile wingu lilitoka Kongo, nyuma yetu, na tulikuwa tumeligeuzia mgongo. Nikapiga simu Koboko wazime laini. Nashukuru mtandao ulikuwepo. Nilipokata simu nikasikia kile kishindo kwenye mabati ya mbali.

"Rudisha waya yangu!" Mama Kiden alipiga ukelele. Drani alikimbia hadi kwenye pikapu, akauvuta ule waya, nao ukajiviringisha miguuni mwake akaanguka kifudifudi. Hapakuwa na muda tena. Watu walikuwa wanakimbilia nyumba za nyasi wamebeba watoto. Tukaingia ndani kumbeba haboba. Tulipomgusa tu alilia kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka, na nje bati la mtu mwingine lilipita uani kwa urefu wa kifua. Ukitoka naye pale umemuua.

Paa likaanza kupumua. Sijui niseme vipi vinginevyo: lilipanda, likashuka, likapanda, na mwanga ukaonekana kati ya ukuta na boriti. Mkanda wangu wa kupandia ulikuwa kiunoni. Nikaurusha juu ya boriti, nikaufunga, nikakunja magoti nikaning'inia. Nikashikilia boriti kwa mikono yote na nikahisi naenda nalo juu. Nikamkumbuka Onzima na karanga zake. Nikaachia mikono, nikalala nyuma, nikaacha mkanda ushike. Drani akafanya hivyo hivyo kwa kamba upande wa pili. Mama Kiden alimlalia mama yake, godoro la watoto likiwa juu yao wote wawili.

Katikati ya kelele zile nikasikia sauti kutoka chini ya godoro.

"Mtoto yangu, huyu mutu juu ni nani?"

"Ni fundi wa umeme, mama."

"Umeme imefika?"

"Hapana."

"Sasa anangoja nini huko?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwa na hofu, wenzangu, hofu ya kweli, na sikujua kama nimelishika paa au paa limenishika mimi.

Kisha nje kitu kikalia kama bunduki, mara moja, na ardhi ikatikisika. Mvua ya mawe ikaanza, na kelele zake zikawa nzuri kusikia, kwa sababu mawe yalikuwa yanapiga bati na bati lilikuwa bado juu yetu. Yalikuwa yametoka mabati mawili tu ya kibarazani. Haboba akaomba uji.

Tulipotoka, nguzo ilikuwa chini. Ilikuwa imelalia muhogo upande wa barabara, waya zimetapakaa. Ilikatikia ardhini. Nikapiga magoti nikatazama kisiki: mchwa walikuwa wamekila chote kuanzia chini ya udongo, katikati, wakaacha ganda zuri la kunijibu mimi nikigonga. Nilikaa pale na nyundo yangu kiunoni, mjinga kabisa.

Mama Kiden akaja akasimama juu yangu. Alitazama kisiki, akatazama nyumba yake, akarudi kwenye kisiki.

"Fundi," akasema polepole, "hii miaka yote mlisema mti yenu inashika nyumba yangu."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe nyumba yangu ndiyo ilikuwa inashika mti yenu. Umekata waya leo, mti imeanguka leo."

Nikasimama nikaanza kukusanya waya.

Hapa ndipo mtanisaidia ninyi, kama mnaweza. Drani anasema ingekuwa imefungwa, nguzo ingeangukia nyumba, au ingelivuta paa na sisi tumo. Mama Kiden anasema ingekuwa imefungwa isingeanguka, kama ilivyokaa bila kuanguka miaka yote akiifunga. Mhandisi aliyekuja kutoka ofisini alisikiliza wote wawili, akazunguka kisiki, akasema yote mawili yanawezekana, akauliza kama kuna chai. Kwenye ripoti tuliandika upepo. Nikiwa nanyoa ndevu naamini ya Drani. Nikimaliza kunawa uso naamini ya Mama Kiden. Niliokoa mtu siku ile au nilikaribia kumuua? Nimegonga swali hili pande zote na kila upande unajibu vizuri.

Nguzo mpya tuliipanda ng'ambo ya barabara, mbali na ua. Mama Kiden alikuja na waya wake mkononi, akaona tulikoichimbia, akasimama.

"Mmekimbia na mti yenu," akasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sasa mama yangu nimfungie kwa nini?"

Ile nguzo ya zamani ilikuwa imeoza chini tu; juu ilikuwa nzima, imejaa dawa, inanuka vizuri. Mimi na Drani tukaikata vipande. Msimamizi wetu wa wakati huo alipotuona na msumeno aligeuka kutazama Kongo kwa muda mrefu, Mungu ambariki. Tukachimba kwenye pembe za nyumba, kwenda chini mpaka udongo mwekundu mgumu, tukavilaza vile vipande kama tunazika mtu, tukafunga waya kwenye kila kipande na kuupandisha hadi kwenye boriti, kisha tukafukia na kushindilia. Mama Kiden alivuta kila waya kwa uzito wake wote.

"Itashika?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Angalau leo umesema ukweli," akasema, akatuletea maji.

Nikastaafu. Sasa nakaa Awindiri, na kila wingu lilipojikusanya upande wowote nilimpigia Mama Kiden simu. Mwanzoni tulisalimiana kama watu: habari za watoto, za shamba, haboba amekula nini. Baadaye akaacha. Alipokea, na hata kabla sijafungua mdomo akasema, "Iko," kisha akakata, kwa sababu ana kazi. Nami nikapumua nikaendelea na mambo yangu. Mke wangu akasema nimepata mke mwingine Ludara na jina lake ni Paa.

Siku moja jua lilikuwa kali na hakuna jani lililotikisika. Simu ikalia, na ni yeye. Hakuwahi kunipigia.

"Mama, paa vipi?"

"Paa iko. Haboba ndiyo hakuna."

Alikuwa amekunywa uji wake asubuhi, akageukia ukuta, akaenda. Nilikaa chini pale nilipokuwa nimesimama. Nikalia kama mtoto kwa ajili ya mwanamke ambaye kwa miaka yote alinijua kama yule wa kukata. Tulikwenda kuzika, mimi na Drani. Turubai la waombolezaji lilikuwa limefungwa kwenye zile waya zetu za pembeni, na lilikuwa limenyooka vizuri.

Baada ya mazishi Mama Kiden akaniambia atahamia nyumba ya nyasi na watoto. "Hii paa nilikuwa nashikia yeye," akasema. "Sasa upepo ikiitaka, ichukue. Wewe pia pumzika, fundi. Usipige tena."

Kwa hiyo nikastaafu mara ya pili, na hii ya pili ndiyo ilikuwa ngumu. Wingu likisimama nilichukua simu, nikairudisha. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Wiki iliyopita upepo ulianza hapa Awindiri. Mke wangu alikuwa anafunga madirisha, mimi namfuata nikiyafungua, tunagombana, mabati yanalia juu yetu, na mchi wa mama yake uko uani. Nani aliutupa hatuulizani. Simu ikalia.

"Fundi," Mama Kiden akasema, na nyuma yake nilisikia watoto. "Upepo imetoka huku, inakuja kwenu. Paa yako iko?"

Nikatazama juu. Nilitazama kwa muda, boriti kwa boriti.

"Iko," nikamwambia, naye akakata, kwa sababu ana kazi.